Pumzi Iliyofungwa Kiunoni

Kila maji yakitoka, Amne hushuka pwani ya Makunduchi kwenye shamba lake la mwani. Anainama anafunga, anainama anavuna, anabeba kiroba kilichotota. Na hatii mguu majini mpaka ajifunge kibwebwe: kanga imesokotwa, imekazwa kiunoni kisawasawa. Kwa Amne, mwanamke asiye na kibwebwe hajaja kufanya kazi, kaja kutembea.

Basi siku moja kanyanyua kiroba, mgongo ukamkamata hapo hapo. Miezi minne sasa. Kufagia anaumwa, kukaa anaumwa. Lakini lililomliza ni moja tu: hawezi kusujudu. Wenzake wote wameweka paji la uso chini, yeye yuko juu ya kiti cha plastiki, peke yake.

Ushauri ukamiminika. Huyu anamwambia, "Lala tu, usiinuke." Yule anamwambia, "Usilale, utaganda." Jirani yake Kazija naye akaja na lake.

"Uti wa mgongo huo umelegea, shoga. Kaza kibwebwe, usikivue hata ndani."

Amne akakaza. Kanga moja, ya pili, mpaka ya tatu. Maumivu ndiyo kwanza yakazidi. Alale? Asilale? Kichwa kilimzunguka.

Binti yake Riyama, mwenye duka la vitambaa Mlandege mjini, akampeleka huko kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wakamkuta msichana mwembamba wa miwani, jina lake Khairiya.

"Shikamoo, Bi Amne."

"Marahaba. Daktari yuko wapi?"

"Wa mazoezi ndiye mimi, mama."

Amne akamtazama Riyama. Riyama akatazama simu yake.

Khairiya akauliza maswali. Miguu inakufa ganzi? Mkojo unakutoka bila kujijua? Una homa? Umekonda? Amne akajibu hapana, hapana. Khairiya akampima nguvu za miguu.

"Hayo yangekuwepo, ningekupeleka hospitali leo hii. Sioni dalili mbaya. Sasa lala chali, vuta pumzi."

Amne akavuta. Mabega yakapanda mpaka masikioni. Tumbo kimya.

"Bi Amne, unapumua kweli?"

"Si nnazungumza na wewe? Umeona wapi maiti anazungumza?"

Khairiya akacheka, akamshika kiuno. "Hiki nini?"

"Kibwebwe."

"Na hiki?"

"Kibwebwe."

"Hata hiki cha tatu?"

"Hicho cha Kazija."

Khairiya akavuta kiti, akakaa karibu. "Sikiliza, mama. Mgongo ukiuma, mtu huogopa. Akiogopa, hukaza misuli na kuzuia pumzi. Misuli iliyokazwa kutwa huchoka, ikauma zaidi. Naye akaogopa zaidi. Kwa hivyo tutafanya mawili pamoja, mazoezi na pumzi."

"Mwanangu, mimi nnaumwa mgongo. Pumzi inaingia puani. Itafikaje mgongoni?"

"Haifiki. Lakini ukipumua taratibu, mwili unatulia, misuli inalegea. Hapo mazoezi ndiyo yanasaidia. Pumzi peke yake haitoshi."

Amne hakufahamu. Kuitikia, aliitikia.

Akavuliwa kanga, akafundishwa. Alale chali, akunje magoti, mkono tumboni. Avute hewa kwa pua, tumbo lipande. Aitoe polepole kama anayepoza uji, na huku anaitoa, anyanyue nyonga. Kisha apige magoti, ashike chini, arudishe makalio nyuma kidogo kidogo kuelekea visigino. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Na akinyanyua kitu, atoe pumzi, asiizuie.

Mlangoni tu, akajifunga tena.

Wiki nzima akafanya mazoezi. Wapi! Maumivu yale yale. Akampigia Riyama.

"Mazoezi yenu ya mjini hayafai."

"Washa kamera nikuone, mama." Riyama akaangalia. "Umejifunga?"

"Kanga moja tu."

"Na ile ya chini yake?"

Amne akaifunika kwa mkono.

"Mama."

"Nkiivua, mgongo utachomoka."

"Ulipovuliwa kule, ulichomoka?"

Amne akafikiri. Haukuchomoka. Hilo nalo likamchanganya. Akaiweka simu juu ya kabati, akafungua kanga zote, akalala. Moyo unamwenda mbio. Akavuta pumzi. Mkono ukanyanyuka tumboni, taratibu, kama mtu kaunyanyua kwa chini. Akavuta tena. Mabega yakashuka.

Wiki ya tatu alifagia. Ya tano alikaa jamvini akala na watu. Kuuma, mgongo uliuma, lakini si kule kuuma kwa kutisha.

Wiki ya saba, sala ya alasiri, akakisogeza kiti pembeni. Ulipofika wakati wa kusujudu, akaenda chini polepole, pumzi inamtoka. Paji la uso likagusa mkeka. Akakaa pale, mkeka ukalowa machozi.

Walipotoa salamu, Kazija akamshika mkono.

"Umetumia dawa gani, shoga?"

"Mazoezi. Na kupumua."

"Kupumua? Mimi nnapumua tangu nizaliwe."

"Hata mimi nlidhani hivyo," akasema Amne. "Hebu lala hapa, weka mkono tumboni."