Majina Saba na Kengele ya Karatasi

Jumatatu moja ya mwaka 1974, saa mbili na robo asubuhi, majina saba yalikutwa hayapo. Yalipaswa kuwamo kwenye orodha ya Wakongo wenye ruhusa ya kukaa Bujumbura, iliyochapwa Ijumaa na ordinateri, yaani kompyuta, ya ofisi moja ya Rohero. Wenye majina walikuwa wameshapakiwa kwenye lori na kushushwa mpakani. Kadi zao saba zilikuwa kwenye droo, zimetobolewa vizuri matundu ambayo mashine huyasoma kama majina, hazina hata mkunjo.

Komiseri Jovithe wa polisi hakufikiri sana, kazi ambayo hata hivyo hakuipenda. Mtoboaji wa kadi ni Consolée. Basi Consolée alizichomoa kabla ya kuchapa, akazirudisha baadaye. Saa nne alikuwa kasho, selo ya polisi. Ijumaa saa sita mchana angepelekwa jela.

Shaabani, fundi wa Buyenzi aliyekuwa akiipangusa mashine ile, alimpelekea chai.

"We ulizichomoa?"

"Kaka Shaabani, kati ya kadi elfu mbili nichague shangazi yangu? Naye yumo mu wale saba."

"Ulimuambia komiseri?"

"Nilimuambia. Akasema ndiyo ujanja wenyewe."

Jumanne saa tatu Jovithe alitaka jaribio. Mhandisi Sébastien, aliyerudi kutoka Liège na diploma pamoja na koti asilolivua hata jua likichoma, akafungua boksi jipya la karatasi kwa heshima ya mgeni. Majina yote yakatoka, hata yale saba.

"Mashine haidanganyi," alisema.

Shaabani akaomba irudiwe mara tatu. Safi. Kila jaribio lilizidi kumfunga Consolée.

Jumatano aliitandaza orodha ya Ijumaa sakafuni. Karatasi ya Ulaya ilikuwa adimu, na Sébastien aliamuru mabaki yaunganishwe kwa kola, yaani gundi. Shaabani alihesabu viungo kumi na kimoja. Majina yote saba yalikosekana palepale penye kola.

Kiungo kilipopita, mashine ya kuchapa ilidhani karatasi imekwisha, ikapiga kengele. Ordinateri iliacha kila kitu ikaenda kuitika, kama mpishi aliyeitwa mlangoni; iliporudi, kadi iliyokuwa ikipita ilikuwa imeshasahauliwa. Kengele ikilia kati ya kadi na kadi, hakuna aliyeliwa. Ndiyo maana viungo vinne vilisamehe watu. Shaabani aliunganisha karatasi, akajaribu hadi jioni. Katika mara kumi na tisa, jina lilipotea mara kumi na mbili.

Alhamisi saa tisa alasiri walikusanyika tena. Safari hii ilikuwa orodha ya wafanyakazi wa kuruhusiwa kupita vizuizini, na Jovithe alikuja na kalamu ya kuisaini.

"Karatasi ina kiungo kimoja, mustari wa makumi mbili," Shaabani alisema. "Kadi ya makumi mbili ni yako, bwana inginyeri."

Sébastien akanyoosha mkono. "Iweke juu kidogo."

"Kwa nini? Mashine haidanganyi."

Mkono ulibaki hewani. Jovithe aliutazama, kisha akamtazama mwenye mkono.

"Ulijua," alisema.

Sébastien akatoa kijitabu kwenye koti. Kilikuwa na tarehe ya kila jina lililopotea, tangu Februari. "Niliwaandikia watengenezaji Ulaya mara mbili. Walijibu tununue karatasi nzuri."

"Na sisi mbona hukutuambia?" aliuliza Shaabani.

"Niliapa mbele ya waziri kwamba haikosei. Ningesema, ingerudishwa kwao, nami nirudi milimani kufundisha hesabu."

"Basi Consolée atoke," Shaabani alimwambia komiseri.

Jovithe alifunga kalamu yake taratibu. "Faili imeshafika kwa prokirere wa mashtaka. Nikiandika kosa ni la inginyeri, nani ataiwasha mashine?"

"Na wale saba?"

"Apana, hao hawamo mu orodha."

Ijumaa saa sita Consolée alipelekwa jela. Jumatatu iliyofuata, Sébastien alimkabidhi Shaabani kopo la kola. Boksi la Jumanne lilikuwa limekwisha, na lingine la karatasi ya Ulaya limekwama Kigoma. Saa tatu na dakika kumi kengele ililia. Shaabani aliitafuta kadi iliyopita: Pascaline, muuza samaki wa Kinama. Akachukua kalamu, akaliandika jina lake lililokosekana pembeni ya orodha, kwa herufi nzuri.

Mchana Jovithe alilikuta, akalikata kwa wino mwekundu.

"Mashine haiandiki kwa mkono," alisema. "Nani ameghushi hili?"

Shaabani alikuwa bado na wino kidoleni.