Kiti cha Watu Wawili

Mtu wa kwanza kumtajia Sada habari za kile kiti alikuwa Happiness, mpangaji wa chumba cha mbele, asubuhi moja ya Ijumaa, akianika nguo uani. Happiness alikuwa akifanya usafi kwa Shirinbai, bibi kizee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa hapo Lindi mjini, mjane wa marehemu Fatehali. Bibi huyo alikuwa anafunga duka ahamie Dar es Salaam kwa binti yake Aliza, na vyombo vya ndani alikuwa akivigawa bure.

"Kuna kiti kimoja, shoga yangu," alisema Happiness, kibanio cha nguo mdomoni. "Hakitaki umeme. Sehemu ya kuegemea ina vigurudumu vya mbao, na ubavuni kina mpini kama wa cherehani cha mkono. Wewe unakaa, mwenzio anazungusha, mgongo unakandwa mpaka unatokwa na udenda. Nikakukumbuka wewe na huo mgongo wako."

Sada alikuwa na siku ishirini tangu ajifungue, na kweli mgongo ulimuuma kama uliotwangwa kwa mchi. Lakini si mgongo uliomfanya aweke andazi chini na kusikiliza. Ni mikono ya shangazi Kijakazi.

Kijakazi alikuwa shangazi wa Hasani, mume wa Sada, naye aliishi hapohapo mtaa wa Mtanda, nyumba ya tatu kutoka kwao. Kila asubuhi alikuja na chupa yake ya mafuta ya ufuta kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumfunga tumbo, kama desturi inavyotaka mpaka arobaini itimie. Tangu usichana wake kule Rutamba alikuwa akibangua korosho. Mafuta ya maganda yalikuwa yameunguza vidole vyake mpaka ncha zikawa nyeusi na laini, hazina mstari hata mmoja. Siku ya kuandikisha vitambulisho mashine ilizikataa alama zake mara nne, na mtaa mzima ulicheka. Sada hakucheka.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita, msimu wa ufuta, alizaa mtoto wa kiume, Rehani. Siku ya thelathini na tatu, alasiri, Rehani alifariki. Hakuwa na homa, hakuwa na kikohozi. Ndani ya chumba alikuwepo Sada mwenyewe na mtu mmoja tu mwingine. Kijakazi.

Sada hakuwa mtu wa maneno. Hakumwambia hata Hasani. Dhana ile ilimkaa kama mwiba wa samaki uliokwama kooni. Unameza mate, unauhisi. Sasa alikuwa na Somoe, wa kike, na Somoe alikuwa na siku ishirini. Zilibaki kumi na tatu.

Jioni ile Hasani alikileta kiti kwa mkokoteni. Kilikuwa cha mti mweusi, kizito, mnyororo wake umepakwa grisi vizuri.

"Bibi ametoa bure kabisa," alisema Hasani akijifuta jasho. "Ila ametuagiza. Kiti hiki ni cha watu wawili. Ukikosa wa kukuzungushia, usikae."

"Sasa ukikaa peke yako si ni kiti tu?" alisema Happiness, wakacheka wote.

Asubuhi yake Kijakazi alikuja na chupa yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Maji yamechemka?"

"Leo sitakandwa, shangazi." Sada aliangalia sakafu. "Hasani ameniletea kiti."

Kijakazi alikizunguka kiti kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Akashika mpini, akauzungusha. Vigurudumu vikazunguka vyenyewe, bila kelele.

"Chepesi," alisema.

"Kikiwa kitupu, bibi," alisema Happiness. "Mtu akiegemea, utajuta kuzaliwa na mkono."

Kijakazi hakucheka. "Mti haujui panapouma," alisema. Halafu akamtazama Sada, si kwa hasira. "Arobaini haijatimia. Mimi nipo." Akatoka. Chupa ya mafuta aliiacha kizingitini, na Sada aliisukuma kwa mguu mpaka nje.

Siku sita Happiness alimzungushia. Alikaa kwenye kigoda pembeni, maana mpini wenyewe ulikuwa chini, sawa na kikalio. Alizungusha, akahema, akamtania kwamba amegeuka malkia wa Mtanda. Mgongo wa Sada ulianza kulegea. Akaanza kuamini kwamba safari hii atafika arobaini.

Siku ya ishirini na saba Happiness alikwenda kumsaidia Shirinbai kufunga mizigo ya mwisho. Hasani alikuwa kazini, ghala la korosho. Ilikuwa adhuhuri, saa ambayo hata kuku hunyamaza. Sada alifunga komeo, akamlaza Somoe kitandani, akaenda kwenye kiti. Si kukandwa. Kupumzika tu.

Alifumba macho. Vigurudumu vikaanza kupanda taratibu kutoka kiunoni.

"Umerudi saa hizi, shoga?" aliuliza.

Hakujibiwa. Vigurudumu vilipanda, vikashuka, vikasimama mahali palepale palipouma, vikabonyeza. Happiness hakuwahi kupafikia hapo.

"Hapo hapo," alinong'ona Sada.

Somoe akaanza kulia kitandani.

"Subiri, mwanangu. Kidogo tu."

Somoe akanyamaza. Muda ukapita, haukujulikana mrefu au mfupi, na vigurudumu vikasimama. Sada akafumbua macho. Hapakuwa na mtu. Komeo lilikuwa mahali pake. Alipomgusa Somoe, vidole vya mtoto vilikuwa baridi, na ziwa alilikataa mpaka magharibi. Hapo ndipo Sada aliporudi kuutazama mpini. Ulikuwa na alama za vidole. Nyeusi.

Jioni alimsubiri Happiness uani.

"Leo uliingia kwangu?"

"Niingie saa ngapi? Ndiyo kwanza narudi."

"Na kule kwa bibi, ni wewe uliyekuwa ukimzungushia kiti?"

"Mimi? Huo mpini nimeushika mara ya kwanza hapa kwako."

"Nani sasa alikuwa akimzungushia?"

Happiness alikaa kizingitini. Bibi Shirinbai aliishi peke yake. "Kila nikiondoka jioni namwacha kitini," alisema polepole. "Amefumba macho. Anaongea Kihindi, taratibu, kama mtu na mumewe."

Tangu siku hiyo Happiness alimsalimia Sada kutokea uani. Ndani hakuingia tena.

Lakini Sada hakumfikiria bibi wala marehemu Fatehali. Alifikiria vidole vyeusi. Komeo gani linamzuia mchawi? Alikata utepe wa kanga, akaufunga mpini kwa mafundo matatu. Siku ya thelathini alikaa tena, akijiambia anataka kumkamata mbaya wake. Kusema kweli, mgongo wenyewe ulikuwa unakiita kiti. Mpini ulizunguka. Somoe alilia, akaambiwa asubiri kidogo, akanyamaza. Sada alipogeuka, utepe ulikuwa sakafuni, umenyooshwa vizuri, na fundo hata moja hapana. Siku hiyo mtoto alikuwa baridi mpaka kwenye magoti.

Siku ya thelathini na tatu ilipofika, Sada aliona ni heri adui awe mbele ya macho kuliko awe nyuma ya ukuta. Alimtuma Happiness amwite Kijakazi. Mama huyo alifika alasiri, mikono ikinuka maganda ya korosho. Sada hakumwamkia.

"Shangazi, njoo uone. Weusi huu ni wa nani?"

Kijakazi aliinama. Akautazama mpini kwa muda mrefu.

"Lete kitambaa kibichi," alisema.

Aliufuta mpini. Weusi ukatoka wote, ukabaki kwenye kitambaa. Akajifuta na vidole vyake kwa kitambaa kilekile, kwa nguvu, mbele ya macho ya Sada. Weusi wake haukutoka hata kidogo.

"Weusi wa korosho haufutiki, mwanangu. Ungekuwa unafutika, na mimi ningekuwa na mikono kama ya bibi harusi." Akakinusa kitambaa. Uso wake ukabadilika. "Huu ni wanja."

Nyumba ile haikuwa na wanja. Kopo la wanja alilitupa yeye mwenyewe mwaka uliopita. Mtoto wa mwisho kumpaka alikuwa Rehani, asubuhi ya siku ile, machoni na kwenye paji la uso, asipatwe na jicho la watu. Naye Rehani alikuwa na tabia ya kujifikicha macho kwa ngumi mpaka viganja vinakuwa vyeusi.

"Alifia mikononi mwako," alisema Sada. Sauti ilitoka ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo.

"Mikono yangu siku ile ilikuwa wapi, Sada?"

Sada alikitazama kile kitambaa.

"Sema, mwanangu."

"Mgongoni kwangu."

"Mtoto alipolia, nilitaka kuinuka. Uliniambia nini?"

Sada alikuwa anajua. Alikuwa anajua siku zote, ila alikuwa amelifukia neno lile mahali ambapo mkono haufiki, na juu yake akampandisha mtu mwingine.

"Kidogo tu, shangazi," alisema. "Hapo hapo."

"Sijamwambia mtu. Hata Hasani. Na sisemi ulimuua, ajali ya kiumbe iko kwa Mungu. Nilisema tu, wacha watu wamsengenye Kijakazi, mimi ni mzee, nitabeba." Akachukua bakuli la unga wa muhogo jikoni, akaunyunyiza sakafuni kuzunguka kiti na njia yote mpaka kitandani. "Sasa nipe Somoe. Kisha ukae."

Sada aliviangalia vidole vile vyeusi. Thelathini na tatu. Alasiri. Akampa.

Alikaa. Kijakazi alisimama mlangoni na mtoto kifuani, midomo ikisoma bila sauti. Nje palikuwa kimya.

Mpini ukaanza.

Vigurudumu vilipanda. Vikashuka. Vikapata mahali pake. Utamu ukamwenea Sada mpaka kwenye nyusi, kope zikawa nzito.

Somoe akalia.

"Sada," alinong'ona Kijakazi. "Anapoa."

Vigurudumu vikabonyeza. Hapo hapo.

"Sada. Mikono yake."

Mdomo wa Sada ulifunguka. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Kidogo. Akaung'ata ulimi mpaka akaonja damu. Akainuka.

Kitu kikamshika kanga kwa nyuma. Si kwa nguvu. Kilivuta mara mbili, kama mama aliye jikoni anavyovutwa na mtoto. Sada hakugeuka. Alitembea, akamtwaa Somoe, akampa ziwa. Mtoto alihangaika, akalipata, akanyonya. Nyuma yao mpini ulizunguka nusu mzunguko, mwepesi, ukasimama.

Kijakazi ndiye aliyetazama chini kwanza.

Kwenye unga palikuwa na nyayo. Hazikuzidi kiganja, vidole vimegeukia ndani, hatua moja fupi, moja ndefu, za mtu asiyeuzoea mguu wake. Zilitoka upande wa kitanda mpaka kwenye mpini. Za kurudi hazikuwepo.

"Angekuwa anatembea sasa," alisema Kijakazi.

Hasani aliporudi wakamweleza yote, na lile la Sada pia, maana alilisema mwenyewe. Hasani alisema kesho kutakapopambazuka atakipasua kiti kiwe kuni.

Kulipopambazuka alikuja na shoka kweli, akamkuta mkewe ameamka kabla yake. Kijakazi, aliyelala kwao usiku ule, alikuwa amekaa kitandani amempakata Somoe, mzima, ana joto, ananyonya kidole. Sada alikuwa amekaa kwenye kigoda ubavuni mwa kiti. Alikuwa anazungusha mpini. Vigurudumu vilikwenda vyenyewe, vyepesi, kama vya kitu kitupu.

"Sada," alinong'ona Hasani. "Unamkanda nani?"

Sada alizungusha mpaka mkono ukaanza kumuuma, akabadilisha mkono, akaendelea.

Ndipo mpini ukawa mzito. Kidogo tu.

Sada hakuacha kuzungusha.