Kiu Penye Maporomoko

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sindano alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kisha akajaza chupa yake ya maji. Majirani walimwita Sindano kwa sababu alikuwa mwembamba na mama yake alikuwa fundi wa nguo. Hakulichukia jina hilo. Aliloliogopa lilikuwa jingine.

Mwaka uliopita, darasa lao lilipokwenda safari, mvulana mmoja aliomba basi lisimame akajisaidie. Tangu siku hiyo aliitwa Breki, hata na watoto wa chekechea.

Siku ya kwenda kuona maporomoko ya maji katika hifadhi ya taifa, mama alimpa Sindano chupa yake mlangoni.

"Unywe, mwanangu. Njia ni ndefu na jua halina huruma."

"Nitakunywa, mama."

Lakini moyoni alikwisha kuapa kwamba hata tone moja halitapita kooni.

Ndani ya basi alikaa na Breki, ambaye alikunywa maji yake gudugudu.

"Huogopi?" Sindano alimnong'oneza.

"Niogope nini? Jina ninalo tayari. Aliyetota hajui kutota!"

Msichana mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti, "Sindano, usinywe! Tutapata Breki wa pili!" Basi zima likaangua kicheko. Sindano akaisukuma chupa chini ya kiti.

Walipofika kwenye lango la hifadhi, jua lilikuwa limepanda. Mwalimu akatangaza, "Nionyesheni chupa zenu. Asiyekunywa hapandi mlima."

Sindano alishuka na chupa yake, akazunguka nyuma ya basi, akamwaga maji yote kichakani. Alipogeuka, Breki alikuwa amesimama pale.

"Nimekunywa, mwalimu," Sindano alisema akiinua chupa tupu.

"Vizuri sana, binti yangu."

Wakaanza kupanda wakimfuata askari wa hifadhi. Ngurumo ya maji ilisikika mbele, nyuma ya miti, lakini ulimi wa Sindano ulikuwa umegandamana na kaakaa. Kichwa kilimgonga kama cherehani. Miti ikaanza kuzunguka, akaanguka juu ya mawe.

"Ana homa?" askari aliuliza. "Au ameumwa na mdudu?"

"Sielewi," mwalimu alisema. "Maji amekunywa. Chupa nimeiona mwenyewe."

Breki alimtazama Sindano, akamtazama mwalimu. "Nisamehe, Sindano," alisema. "Mwalimu, hakunywa. Aliyamwaga."

Sindano alifumbua macho. Angeweza kukana. "Ni kweli, mwalimu," alisema kwa sauti iliyokauka. "Tangu asubuhi. Sikutaka kuitwa Breki."

Hakuna aliyecheka. Maporomoko tu ndiyo yaliyonguruma.

Walimbeba hadi kivulini. Mwalimu alichanganya maji na dawa ya chumvichumvi kutoka sanduku la huduma ya kwanza, akamnywesha kidogokidogo. Wenzake wakaendelea kupanda na askari. Safari yote ile, na Sindano aliyasikia maporomoko kwa masikio tu. Machozi yalimtoka.

Jioni, kabla basi halijaondoka, mwalimu alisimama mbele yao.

"Leo tumekaribia kumpoteza mwenzenu kwa kiu, karibu na maji yote yale, kwa sababu ya utani wetu. Nasema wetu, maana hata mimi nilisikia jina hilo nikanyamaza. Kwenda haja si aibu. Aibu ni kumtia mwenzako hofu mpaka afiche haja za mwili wake. Nawe Sindano, ukinidanganya, nitakusaidiaje? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sitarudia, mwalimu."

Basi likaondoka. Njiani maji aliyokunywa Sindano yakaanza kudai njia. Alivumilia kidogo, kisha akainua mkono.

"Dereva, naomba usimame."

Halafu yule msichana wa nyuma akasema, "Na mimi." "Na mimi pia!" "Hata mimi, tangu langoni!"

Dereva alicheka akiegesha gari. "Kumbe nyote mlikuwa mnajikaza!"

Wote walishuka, isipokuwa Breki, aliyekuwa ametulia kitini. Sindano aliporudi, alimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mvulana yule hakuitika mara moja. Aligeuka polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba ni yeye anayeitwa.