Kikaratasi Kimoja cha Loice

Kila asubuhi kabla ya kengele, Dolphine na Loice walishindana mbio kati ya mistari ya majani chai, viatu mkononi, umande ukiwalowesha mpaka magotini. Lakini wiki hiyo Loice alikimbia kama amebeba mzigo. Baba yake alikuwa amepata kazi Kisumu na Jumamosi wangehama. Mbio za kupokezana vijiti za Ijumaa, kule Merigi, zingekuwa zake za mwisho hapa.

Wasichana saba, kila mmoja na nambari yake, nafasi nne. Nambari mbili, Chemutai, na nambari tano, Dorine, lazima wawe ndani, maana hakuna aliyewakaribia. Watano waliobaki walitoshana kabisa, kwa hivyo mwalimu wao, Madam Chepkemboi, akaamua kura ipigwe.

"Dolphine, mwandiko wako ni mzuri. Kila timu inayowezekana, iandikie kikaratasi chake. Mbili na tano wasikose!"

Dolphine, nambari saba, akaandika vyote. Halafu, wacha! Tamaa ya kujiongezea bahati ikamwingia. Akachana vikaratasi vitatu vyenye nambari sita bila yake, saba. Sita alikuwa Loice. Akamwachia kimoja tu, kile ambacho wangekimbia pamoja.

Madam akaingiza mkono kwenye kikapu. "Mbili, tatu, tano, saba!"

Loice akamkumbatia Dolphine. "Basi unikimbilie na mimi, beshte."

Kipindi cha hesabu, Madam akauliza, "Haya, timu zilikuwa ngapi? Mbili na tano wameshapata nafasi. Tunatafuta wawili tu kati ya watano."

"Wa kwanza ana wenzake wanne," akasema Kimeli. "Anayefuata ana watatu wapya, halafu wawili, halafu mmoja. Kumi, Madam!"

Vikaratasi vikahesabiwa, pamoja na kile kilichotolewa. Vilikuwa saba.

Dolphine akasimama. "Ni mimi, Madam. Vitatu nilichana. Vya Loice."

Kura ikarudiwa na vyote kumi. Mbili, tatu, nne, tano. Hakuna aliyeshangilia.

"Uliniachia ngapi?" Loice akamuuliza nje.

"Kimoja."

"Na mimi nikakukumbatia!" Akaenda bila kugeuka.

Jumamosi lori likapita na vitanda vya kina Loice. Dolphine akapunga mkono mpaka lori likamezwa na kona. Hakupungiwa.

Madam Chepkemboi alimkuta hapo kando ya barabara, machozi yakimtiririka. Akamshika bega.

"Kura tuliirudia, binti yangu, kwa sababu ulisema ukweli. Urafiki haurudiwi hivyo. Siku nyingine mtu akikuacha peke yako na karatasi za kura, hesabu nafasi za mwenzako zote, kama unavyohesabu zako."