Hodi kwenye Namba Themanini na Saba

Namba themanini na saba haikutakiwa kutoa sauti yoyote, ndiyo maana prodyuza alipoisikia ikipiga hodi aliinua kichwa na kusema, "Karibu."

Alisema kwa mazoea tu. Kisha akakumbuka kwamba mke wake, ambaye yeye alizoea kumkaribisha hivyo, alizikwa miezi kumi na moja iliyopita. Akabaki ameduwaa, mkono juu ya kipanya, jua la saa saba mchana likiingia kwa ufa mmoja wa dirisha.

Mtaani walimwita Moja-Mbili, kwa kuwa ndiyo maneno aliyoyasema kuliko mengine yote. Moja-mbili kwenye maiki, moja-mbili kwa wapiga ngoma, moja-mbili hata akivuka barabara. Kila kitu kwake kilikuwa hesabu. Mke wake peke yake ndiye aliyemwita jina jingine, na tutalifikia.

Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba, kuta zimebandikwa vipande vya magodoro na treya za mayai, ili kelele za barabarani zisiingie na za kwake zisitoke. Chumba cha namna hiyo ni kizuri kwa kazi na kibaya kwa ugane. Ukikohoa, kikohozi hakirudi. Ukiita, hakuna hata ukuta wa kukuitikia.

Siku hiyo alikuwa na nyimbo kumi za bendi ya harusi. Kiongozi wao alitaka ngoma zibadilishwe zisikike kama za vijana wa sasa, kwa hiyo Moja-Mbili akanunua seti mpya ya ngoma za kompyuta na kuziondoa zile za zamani. Asiyeijua kazi hii atadhani ni kubofya mara moja tu. Thubutu! Ndani ya kompyuta, mdundo si sauti. Ni orodha ya namba: piga namba fulani, sasa hivi, kwa nguvu hii. Seti ndiyo inayoamua namba ipi ina ngoma ipi, na kila seti ina mambo yake. Alipoupiga wimbo wa kwanza bila kupanga, palipokuwa na kiki, ngoma nzito ya mguu, pakalia kengele, palipokuwa na snea, ngoma kali ya fimbo, pakapigwa makofi, na wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukawa kama kabati la vyombo limeanguka.

Ikabidi akae na ramani ya noti. Ni jedwali tu: kushoto namba ya zamani, kulia namba mpya, na pembeni kisanduku cha kuandika jina la ngoma. Alikwenda nazo moja moja, kwa subira, mpaka akafika themanini na saba.

Namba hiyo ilikuwa na historia yake. Miaka mingi nyuma, akiwa anarekodi, mke wake aligonga mlango saa saba mchana, kama kila siku, ameshika sinia la chai, na maiki ikamnasa. Aligonga mara tatu. Mbili za haraka, kisha ya tatu ikachelewa, kwa sababu sinia liliinama akalazimika kuliweka sawa kwanza. Moja-Mbili aliikata hodi hiyo, akaiweka kwenye namba themanini na saba ambayo haikuwa na ngoma, na tangu hapo akaificha katika kila wimbo, mahali pamoja tu, chini ya tarumbeta. Mke akiisikia harusini alimfinya mkono. "Umeniuza tena, Jirani," alimwambia. Ndilo jina alilompa: mume anayeshinda chumba cha nyuma mchana kutwa, alisema, huyo si mume, ni jirani.

Kwenye seti mpya, themanini na saba haikuwa na kitu. Aliichungulia: tupu. Aliifunga seti ya zamani kabisa, akarudisha wimbo nyuma, akausikiliza tena. Ko-ko. Ko.

Mwenye akili zake angezima mashine akaenda kuota jua. Lakini mwenye njaa hana miiko, na njaa ya Moja-Mbili haikuwa ya tumboni. Kwenye kisanduku cha jina, palipotakiwa kubaki wazi, aliandika jina alilozoea kumwitia mke wake: Bibie.

Kesho yake alikuta namba themanini na sita nayo imeandikwa Bibie. Hakuigusa yeye. Ilipofika saa saba aliibofya, na kwenye hedifoni zikasikika kandambili zikiburuzwa sakafuni, taratibu, zikija upande wa mlango. Akacheka peke yake. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Jioni shemeji yake akapita. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mshonaji mwenye duka ng'ambo ya barabara, mwanamke aliyeongea na pini mdomoni na bado ukamwelewa.

"Shemeji, sahani ya jana iko vilevile. Kwani chakula changu kimekuwa dawa, mpaka ushauriwe na daktari?"

"Nina kazi, shemeji."

"Kazi gani inayokula mashavu? Njoo ukae dukani kidogo, uone watu. Hata kunisikiliza nikigombana na wateja ni dawa."

"Nitakuja," alisema, akafunga mlango kabla hajamaliza kusema.

Siku ya tatu ilikuwa themanini na tano. Sinia likiwekwa juu ya kigoda, vikombe vikigongana kidogo. Sauti hiyo ikaja na harufu ya sabuni ya kufulia, ile iliyokuwa haitoki mikononi mwa mke wake. Aligeuka. Hakukuwa na mtu, ila kwenye vumbi la kigoda palikuwa na duara, kubwa kama kitako cha sinia. Na chini ya harufu ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo mbichi uliochimbwa sasa hivi, ambayo pua yake iliisikia na moyo wake ukakataa.

Siku ya nne, themanini na nne, ilikuwa pumzi, pumzi tu, karibu na sikio la kushoto, ikivutwa na kutolewa bila kupumzika, na alipovua hedifoni akazilaza mezani, pumzi haikubaki mezani bali ilibaki palepale sikioni, ikimpuliza nywele za shingoni, naye badala ya kukimbia alifumba macho akakaa kimya kama mtoto anayesukwa, kwa sababu kwa miezi kumi na moja hakuna kitu kilichomkaribia kiasi hicho.

Themanini na tatu ilikwisha kuandikwa jina, lakini ukiibofya ilikuwa kimya. Hakuhitaji kuambiwa. Kesho saa saba itakuwa sauti yake. Alilala palepale kwenye kiti asije akachelewa.

Kesho yake mshonaji alihesabu sahani nne mlangoni, zote na chakula chake, mbili zimeota ukungu. Aligonga. Akagonga tena kwa ngumi. Mwisho akachukua ufunguo wa akiba aliokuwa akiutunza marehemu, akafungua, akamkuta mgane wa dada yake ameinamia kompyuta, hedifoni masikioni, midomo imekauka, anatabasamu.

"Shemeji!"

Hakusikia. Mshonaji akaushika waya wa hedifoni na kuuchomoa, na sauti ikamwagika chumbani kupitia spika.

Kitu kilikuwa kinagonga.

"Nani huyo?" alinong'ona mshonaji.

"Dada yako," Moja-Mbili alinong'ona naye, macho yanang'aa. "Tulia. Msikilize."

Mshonaji alisikiliza. Uso ukamsawijika. Aliiweka midomo karibu na sikio la mwenzake, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumwita shemeji.

"Moja-Mbili. Dada yangu aligonga mara ngapi?"

"Tatu."

"Hesabu."

Yeye, mtu aliyekula na kulala kwa kuhesabu, kwa siku tano hakuwa amehesabu. Alihesabu sasa, kwa kidole juu ya goti. Moja, mbili. Kimya kidogo, sinia linawekwa sawa. Tatu. Kisha, baada ya tatu, chini kabisa karibu na sakafu, mahali ambapo mkono wa mtu aliyesimama haufiki, kwa kitu kigumu kuliko kidole, nne.

"Na nini hicho kinachoburuzwa?" mshonaji aliuliza.

"Kandambili zake."

"Dada hakuvaa kandambili humu hata siku moja. Alikuwa akiziacha nje. Wewe mwenyewe ulimkataza, eti zinaingia kwenye maiki! Hilo ni jini, limekusoma ulivyopungukiwa, likajaziliza. Ulilikaribisha?"

"Nilisema karibu. Na jina nililiandika."

"Basi mimi siliwezi. Mwenye mlango ni wewe. Futa."

Kufuta jina hakukusaidia. Lilirudi kabla kidole hakijanyanyuka. Akafuta ramani nzima; nayo ikajiandika upya, kuanzia themanini na saba kushuka, Bibie, Bibie, Bibie, ikashuka mpaka kwenye matoazi, ikashuka mpaka kwenye snea. Hapo akaelewa kitu kile kinashikilia nini. Kilikuwa kimejishikiza kwenye ile hodi ya kweli, ile sekunde moja na nusu iliyokuwa bado kwenye faili la seti ya zamani. Ndiyo sauti pekee ya mke wake iliyobaki safi duniani. Hakuwahi kumrekodi akiongea. Kila mara alisema atafanya kesho.

"Siwezi," alisema. "Nikiifuta hii, amekufa kweli."

"Amekufa kweli," alijibu mshonaji, naye alikuwa analia. "Mimi ndiye niliyemwosha."

Saa saba ikatimia. Themanini na tatu ikafunguka yenyewe, na sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa yake, yake hasa, na ule mkwaruzo wa asubuhi na lile cheko dogo la mwisho, na treya za mayai ukutani zikaanza kutetemeka moja baada ya nyingine kana kwamba kuna mgongo unaozipitia kwa nyuma, na harufu ya udongo ikajaa mpaka wakaionja ulimini, na sauti ikasema kwa huruma: "Usinifute, Moja-Mbili wangu."

Kitu kikakatika moyoni mwake. Akaikodolea spika macho.

"Mke wangu," alisema, kwa sauti iliyopanda kidogo kidogo, "hakuwahi kuniita hivyo. Jina hilo umelisikia sasa hivi kwa shemeji. Mke wangu aliniita Jirani. Unasikia? Jirani!"

Akafuta faili.

Mlango ulipigwa mara nne kwa ndani, ukafunguka wenyewe mpaka ukagonga ukuta, na kitu kikawapita kwa chini, baridi, kikiwagusa vifundo vya miguu. Kisha zikaingia kelele za barabarani: honi, mtoto analia, mtu anauza maji. Mshonaji aliketi sakafuni akajifunika uso kwa gauni la mteja alilokuja nalo begani. Moja-Mbili alitazama ramani. Themanini na saba ilikuwa tupu, na yeye pia.

Alizimaliza nyimbo kumi bila hodi yoyote ndani yake. Kiongozi wa bendi alizisifu sana. Mchana Moja-Mbili akawa anakula dukani kwa shemeji, kati ya vitambaa, akisikiliza wateja wakilalamikia vipimo, na siku moja alicheka kwa sauti hadi mshonaji akatema pini.

Wiki ya tatu, siku ya mvua, alibaki studio. Saa saba mlango ukagongwa.

Alihesabu. Mbili za haraka. Kimya kidogo. Tatu. Akangoja ya nne, amebana pumzi, macho kwenye sakafu ya mlango. Haikuja. Harufu ya udongo pia haikuwapo. Akatabasamu, akachukua simu.

"Shemeji, usisimame kwenye mvua. Unao ufunguo."

"Nani kasimama kwenye mvua?" Mashine ya kushonea ilikuwa inakimbia nyuma ya sauti yake. "Mimi niko dukani, nina gauni la watu mezani. Kwani kuna nini?"

Alikuwa anakumbuka siku ile, na ni nani mwingine aliyekuwa chumbani akisikiliza, yeye aliposema kwa kinywa chake kwamba ni mara tatu. Na lile jingine alilolisema, kwa hasira, mara mbili.

Nje ya mlango sinia liliwekwa sawa. Kisha sauti, ya upole, yenye mkwaruzo wa asubuhi, ikaita kupitia tundu la ufunguo.

"Jirani?"

Moja-Mbili aliutia mkono mdomoni akauuma mpaka damu, kwa sababu neno "karibu" lilikuwa limeshafika ulimini.