Ngazi Zisizokuwapo

Mwalimu wa historia ya Uislamu hakupenda kuwasomea wanafunzi wake kitabu mwanzo mwisho. "Nendeni mkatazame, mkaulize, kisha mje mnifundishe," alizoea kusema.

Juma hilo walitafuta jinsi watu wa kale walivyopata maji ya kutawadhia. Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa kupenda kusema, alipangiwa kisima kikuukuu nyuma ya msikiti. Hakwenda. Zamu yake ilipofika, alisimama kifua mbele.

"Kuna ngazi za mawe, unashuka mpaka majini. Na ukutani pana maandishi."

Darasa zima lilimpigia makofi. Mwalimu alimkazia macho. "Umeyaona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu, mwalimu."

Jioni wingu zito lilitanda, upepo ukakata ghafla. Chiriku alikuwa akifua sare mama wa rafiki yake wa darasani alipoingia uani, anahema.

"Mwanangu yuko kwenu?"

"Hayupo, mama."

"Aliniaga anakwenda kunakili maandishi ya kisimani. Mpaka sasa kimya."

Sare ilimponyoka. Chiriku alitoka mbio bila viatu.

Nyuma ya msikiti hapakuwa na mtu. Mbao zilizofunika kisima zilikuwa zimekatika katikati. Aliita. Sauti yake ilizama gizani, ikamrudia imebadilika, kama ya mtu mwingine. Kisha akasikia kilio chembamba.

"Chiriku! Mbona ngazi hazipo?"

Rafiki yake alikuwa ameng'ang'ania mzizi uliotokeza ukutani, maji meusi yakimfika kifuani. Udongo ulimeguka kidogo kidogo.

"Usiachie! Nakuja na watu!"

Mwadhini alileta kamba, waumini wakavuta. Msichana alitoka akitetemeka, mkono umeteguka. Mama yake, aliyekuwa amefuata mbio, alimkumbatia.

Kesho yake Chiriku alisimama darasani kabla hajaulizwa.

"Nilidanganya. Sikufika kisimani. Nisamehe, rafiki yangu."

Rafiki yake, mkono ukiwa umefungwa bandeji, alimgeukia. "Nilikuamini," alisema, kisha akamsogezea nafasi kwenye dawati.

Mwalimu aliweka chaki chini.

"Mimi nilikutilia shaka nikanyamaza, nalo ni kosa langu. Lakini shikeni hili, wanangu. Kujifunza kwa kugundua kunasimama juu ya ukweli wa aliyekwenda kutazama. Ukisema umeona, mwenzako ataweka mguu pale ulipomwonyesha. Kama hukuona, sema hukuona."