Mbeleko ya Rahabu

Asubuhi ile ilianza vizuri. Mwenyekiti Nathanaeli alikunywa chai na kiazi kitamu, akavaa koti lake, akateremka kwenda kukagua maharage ya shamba la ujamaa. Njiani alimkuta Bibi Dina akipepeta mahindi uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwenyekiti. Hebu mfunike huyo mtoto miguu, baridi itamuua."

"Mtoto gani?"

"Huyo uliyembeba mgongoni."

Majirani wakacheka, maana macho ya Bibi Dina yalikwisha kuingia ukungu siku nyingi. Nathanaeli naye akacheka. Lakini alipotaka kuruka mfereji, mguu ulikataa kunyanyuka. Akaanguka kifudifudi kwenye matope, mbele ya watu wake.

Na nani pale kijijini asiyejua alilolifanya mtu huyu? Siku ya kuhamia vijijini, mvua ikinyesha, aliwaswaga watu kutoka kule juu Mgwashi bila huruma hata chembe. Rahabu, mjane, alikuwa na godoro kichwani na mwanawe wa pekee, Secilia, mgongoni. Mtoto alikuwa na homa. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusimama dede. Rahabu akaomba apumzike kidogo kwenye kibanda cha wapasua mbao, amkaushe mtoto.

"Tembea," Nathanaeli alimwambia. "Kijiji hakimsubiri mtu."

Akatembea. Walipofika chini alifungua mbeleko, akakuta mtoto ameshapoa, hapumui. Hakulia. Aliikunja ile mbeleko iliyolowa, akamwambia Mwenyekiti kwa sauti ya chini, "Utambeba wewe." Alisema machache mno, ukiniuliza mimi.

Baada ya kuanguka, hali ilizidi. Maumivu yalikaa katikati ya mgongo, pale hasa mtoto anapolaza shavu. Miguu ikafa ganzi. Mkewe, Esta, alimpigia magoti.

"Baba Eliudi, nenda kwa Rahabu ukaombe radhi."

"Nimwombe radhi mchawi? Nipelekeni hospitali."

Wakambeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Daktari Salimu, mtu wa Tanga, alimgonga magoti kwa kinyundo. Hayakuruka. Akamchoma nyayo kwa pini, kidole kwa kidole, mpaka mguu wa kushoto, ambao kidole chake cha mwisho kilikatwa na shoka ujanani.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu."

Akamchoma sindano ya dawa kwenye uti wa mgongo, akampiga picha, akaiinua dirishani.

"Huu hapa ni mfuko wa maji, Mzee. Umeota ndani ya uti wa mgongo, unakandamiza mishipa ya fahamu. Tutapasua tuutoe. Tukichelewa, hutatembea tena."

Nathanaeli aliitazama picha. Kitu kile kilikuwa kimejikunja, magoti yamegusa kidevu.

"Daktari," alinong'ona, "mbona kina kichwa?"

"Ni maji tu."

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake vidole vya miguu vilicheza, Esta akalia kwa furaha. Nathanaeli yeye alicheka, wodi nzima ikamsikia.

"Mwambieni yule mwanamke, uchawi wake umemwagwa na maji ya beseni!"

Mchana, saa ya kuona wagonjwa, Rahabu aliingia. Hakumwamkia mtu. Mkononi alishika mbeleko. Nje jua lilikuwa linawaka. Mbeleko ilikuwa inachuruzika maji.

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Mchukue uende zako. Mimi nimepona."

Rahabu akainama. "Alikufa hajajua kutembea," alinong'ona. "Anataka miguu."

Akaitandaza mbeleko juu ya miguu ya Nathanaeli. Taratibu. Akaikandakanda pembeni, mama anavyomfunika mtoto aliyelala. Baridi ikapanda. Vidole. Magoti. Kiuno. Nathanaeli alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka.

Kisha Rahabu akaikunja mbeleko. Hakubeba kitu mgongoni. Aliteremsha mkono mmoja chini, akafumba vidole, akatoka polepole, ameinama upande mmoja.

Daktari Salimu alikuja mbio. Akachoma pini. Hakuna. Akapiga picha upya, akaitazama muda mrefu. Mfuko haupo. Mishipa iko huru, hakuna kinachoikandamiza.

"Sioni sababu," alisema.

"Mrudisheni!" Nathanaeli alilia. "Nitamwomba radhi! Mrudisheni!"

Esta alikimbilia mlangoni. Sakafu ilikuwa imepigwa deki kabla tu ya saa ya kuona wagonjwa. Nyayo za Rahabu zilikuwa zimekwenda moja kwa moja hadi mlangoni. Kando yake, kuanzia kitandani, palikuwa na nyayo nyingine za matope mekundu, ndogo, zisizo na viatu. Mwanzoni zilikuwa zimebanana, zinayumba. Karibu na mlango zilikuwa zimeachana, za mtu anayekimbia.

Esta akachuchumaa, azitazame vizuri. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.